Making Africa

Making Africa: A Continent of Contemporary Design (maana yake kwa Kiswahili: "Kuiunda Afrika: bara la ubunifu wa kisasa") yalikuwa maonyesho ya makumbusho kuhusu ubunifu wa samani, vyombo, mavazi, majengo, picha na teknolojia kutoka barani Afrika. Yalifunguliwa tarehe 14 Machi 2015 katika Vitra Design Museum, mjini Weil am Rhein nchini Ujerumani. Baadaye yalizunguka Hispania, Uholanzi na Marekani hadi mapema mwaka 2019. Yaliandaliwa na Vitra Design Museum kwa ushirikiano na Guggenheim Museum Bilbao. Mratibu wake alikuwa Amelie Klein, na mshauri wake mkuu alikuwa Mnijeria Okwui Enwezor.

Maonyesho hayo yalikusanya kazi za wasanii na wabunifu zaidi ya 120. Miongoni mwao alikuwamo Mkenya Cyrus Kabiru, ambaye miwani yake iliyotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa ilitumika kwenye bango la maonyesho. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki maonyesho hayo yana umuhimu wa pekee, kwa sababu yalitoa jibu kwa swali ambalo huulizwa pia nyumbani: je, mtu anayegeuza debe kuwa taa ni fundi tu, au ni mbunifu?

## Istilahi

Katika Kiswahili neno fundi hutumika kwa mtu yeyote mwenye ujuzi wa kutengeneza au kukarabati: fundi seremala, fundi cherehani, fundi baiskeli, fundi saa. Neno mbunifu humtaja mtu anayebuni, yaani anayetoa wazo jipya la umbo au matumizi ya kitu. Neno msanifu hutumika zaidi kwa majengo, ingawa wengine hulitumia pia kwa samani na mavazi. Makala hii inatumia ubunifu kwa kazi ya kuwaza na kupanga kitu kabla na wakati wa kukitengeneza, na ufundi kwa kazi ya mikono inayokikamilisha.

Ubunifu wa kidhana ni ule ambao wazo lina uzito sawa na matumizi, au hata kuyazidi. Kiti cha kawaida humwambia mtu aketi. Kiti cha kidhana humfanya pia ajiulize swali: mbao hizi zimetoka wapi, nani alizitupa, na kwa nini kitu kipya kithaminiwe kuliko cha zamani? Kwa maana hiyo kitu cha kidhana hakiachi kuwa chombo, bali huwa pia hoja.

## Mahali yalipoanzia

Vitra Design Museum ilianzishwa mwaka 1989 na inahusiana na kampuni ya samani ya Vitra. Jengo lake kuu lilisanifiwa na Frank Gehry, na lilikuwa jengo lake la kwanza barani Ulaya. Makumbusho hayo yanajulikana kwa mkusanyiko mkubwa wa samani za kisasa, hasa viti.

Weil am Rhein ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake upande mmoja ni Basel, Uswisi, na upande mwingine, kuvuka mto Rhine, ni Ufaransa. Hali yake inafanana na ile ya Tunduma mkoani Songwe, ambapo mji wa Tanzania umeungana na Nakonde wa Zambia kiasi kwamba mtu huweza kununua bidhaa upande mmoja na kuzitumia upande wa pili siku hiyohiyo.

## Maandalizi

Amelie Klein, mfanyakazi wa Vitra Design Museum, alisimamia utafiti wa maandalizi. Mikutano ya ushauri ilifanyika katika miji ya Afrika ikiwemo Lagos, Dakar, Cape Town, Cairo na Nairobi, na watu wapatao 70 walihojiwa. Shabaha ilikuwa kuwasikiliza wabunifu wenyewe kabla ya kuchagua vitu vya kuonyesha.

Okwui Enwezor (1963–2019) alizaliwa Calabar, Nigeria. Aliongoza maonyesho ya Documenta 11 mjini Kassel mwaka 2002, na kuanzia mwaka 2011 alikuwa mkurugenzi wa Haus der Kunst mjini Munich. Mwaka 2015, wakati Making Africa ilipofunguliwa, alikuwa pia mkurugenzi wa maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice. Alikuwa mtu wa kwanza mzaliwa wa Afrika kupewa kazi hiyo.

Waandaaji walitaka kuondoka katika namna mbili zilizozoeleka za kuionyesha Afrika katika makumbusho ya Ulaya. Ya kwanza ni kuonyesha vinyago, ngoma na viti vya machifu kana kwamba Afrika ilikoma kubadilika zamani. Ya pili ni kuonyesha vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuwasaidia maskini, ambamo Mwafrika ni mpokeaji. Making Africa ilimweka Mwafrika katika nafasi ya mtengenezaji, mtu anayeamua umbo la dunia yake.

## Mpangilio

Maonyesho yalikuwa na sehemu nne.

- Utangulizi ulihusu namna Afrika inavyotazamwa na inavyojitazama. Miwani ya Cyrus Kabiru ilifaa sana hapa, kwa kuwa ni vifaa vya kutazamia.
- Mimi na Sisi ilihusu mtu binafsi na jamii: mavazi, mitindo ya nywele, picha na vyombo vya mawasiliano.
- Nafasi na Kitu ilihusu mazingira ya kuishi, hasa mji, majengo na samani.
- Asili na Mustakabali ilihusu uhusiano wa jadi na mambo yajayo.

Pamoja na kazi za karne ya 21 ziliwekwa kazi za katikati ya karne ya 20, kipindi ambacho nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru. Kwa njia hiyo ilionyeshwa kwamba ari ya vijana wa leo ya kujieleza wenyewe ina mizizi katika ari ya kizazi cha uhuru. Mfano ni picha za Mnijeria J. D. 'Okhai Ojeikere (1930–2014), ambaye kuanzia mwaka 1968 alipiga picha za mitindo ya kusuka nywele ya wanawake wa Nigeria. Katika picha zake msusi anaonekana kama mjenzi: nywele zina nguzo, matao na minara.

## Baadhi ya washiriki

### Cyrus Kabiru

Cyrus Kabiru alizaliwa Nairobi mwaka 1984 na hakupitia chuo cha sanaa. Alipokuwa mtoto alitamani miwani. Baba yake alimwambia kwamba akitaka miwani ajitengenezee mwenyewe, naye akaanza kufanya hivyo kwa vipande vya waya na takataka. Kazi hizo zilikuja kujulikana kwa jina la C-Stunners. Mfululizo mwingine wa miwani yake unaitwa Macho Nne.

Miwani ya Kabiru haisahihishi uoni. Mingine ina vijiko, mingine vifuniko vya chupa, nyavu za waya au sehemu za vifaa vya umeme. Anayeivaa huonekana kama mtu mwingine, na anayemtazama hulazimika kufikiri upya alichokizoea. Mwaka 2013 Kabiru aliteuliwa kuwa mmoja wa wanachama vijana wa TED. Ametengeneza pia kazi zinazotokana na baiskeli nzito aina ya Black Mamba, ambazo kwa miaka mingi zilibeba maziwa, mkaa na abiria nchini Kenya kabla pikipiki hazijachukua nafasi yake.

Picha iliyotumika katika bango la maonyesho inahusu miwani yake iitwayo Caribbean Sun ya mwaka 2012.

### Gonçalo Mabunda

Gonçalo Mabunda alizaliwa Maputo, Msumbiji, mwaka 1975. Anatengeneza viti vya enzi na vinyago vya uso kwa bunduki, risasi na mabomu yasiyofanya kazi tena. Silaha hizo zilitokana na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu kuanzia mwaka 1977 hadi 1992.

Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, chini ya askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mradi wa kubadilisha silaha kwa zana. Mwananchi aliyeleta bunduki alipewa jembe, cherehani, baiskeli au kifaa kingine cha kazi. Silaha zilikatwakatwa, na baadhi ya vipande vikapewa wasanii. Mabunda alikuwa mmoja wao. Kiti kingine maarufu kilichotokana na mradi huo ni kile cha msanii Kester cha mwaka 2001, ambacho kiko British Museum mjini London.

Kiti cha Mabunda kina mgongo, mikono na miguu, na mtu anaweza kukikalia. Lakini kila kipande chake kiliwahi kushikwa na mtu aliyetaka kuua au aliyeogopa kuuawa. Kwa sura ya kiti cha enzi msanii anauliza ni watawala wangapi waliokalia madaraka kwa nguvu ya bunduki. Huu ni mfano bora wa ubunifu wa kidhana, kwa sababu malighafi yenyewe ndiyo habari.

### Cheick Diallo

Cheick Diallo alizaliwa Bamako, Mali, mwaka 1960, na alisomea usanifu wa majengo na ubunifu wa samani nchini Ufaransa. Viti vyake vingi vina mifupa ya chuma iliyozungushiwa nyuzi za nailoni. Anafanya kazi na mafundi wa Mali, na maumbo yake hutumia ujuzi ambao mafundi hao wanao tayari. Kwake yeye mbunifu na fundi ni watu wawili wanaokaa meza moja, kila mmoja akiwa na anachomfundisha mwenzake.

### Bodys Isek Kingelez

Bodys Isek Kingelez (1948–2015) alitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alitengeneza vielelezo vya majengo na miji mizima kwa karatasi, maboksi, plastiki na vifungashio. Miji yake ina rangi nyingi na barabara safi. Mojawapo, Kimbembele Ihunga ya mwaka 1994, inaonyesha kijiji alichozaliwa kikiwa jiji kubwa lenye maghorofa. Kingelez alifariki Kinshasa Machi 2015, mwezi uleule Making Africa ilipofunguliwa. Mwaka 2018 Museum of Modern Art ya New York ilimfanyia maonyesho makubwa ya peke yake.

### Wasanifu wa majengo

Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso. Alikwenda Ujerumani mwaka 1985 kujifunza useremala, na baadaye akasomea usanifu wa majengo. Shule ya msingi aliyoijengea Gando, iliyokamilika mwaka 2001, ina kuta za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Bati lake limeinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto itoke. Wanakijiji wenyewe walishiriki kujenga. Shule hiyo ilipata tuzo ya usanifu ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker.

David Adjaye alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1966 kwa wazazi kutoka Ghana, na alikulia katika nchi kadhaa kabla ya kuhamia Uingereza.

Kunlé Adeyemi wa Nigeria, ambaye ofisi yake iko Amsterdam, Uholanzi, alibuni shule ya kuelea ya Makoko mjini Lagos. Shule hiyo ya mbao ilikuwa na umbo la pembetatu, ghorofa tatu, na ilielea juu ya mapipa ya plastiki. Ilikamilika mwaka 2013 na picha zake zilisambaa duniani. Tarehe 7 Juni 2016, maonyesho yakiwa bado katika ziara, shule hiyo iliporomoka wakati wa mvua kubwa. Hakuna aliyeumia. Tukio hilo lilikumbusha jambo ambalo jumba la makumbusho haliwezi kulionyesha vizuri: kwamba kitu cha matumizi hupimwa kwa miaka ya kutumika na kutunzwa, na picha yake nzuri haitoshi.

## Simu za mkononi na ubunifu

Hoja mojawapo ya maonyesho ilikuwa kwamba intaneti na simu za mkononi zimewawezesha wabunifu wa Afrika kuzungumza na dunia bila kupitia kwa wasimulizi wa nje. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2012 kwamba Afrika ilikuwa na laini za simu karibu milioni 650, idadi kubwa kuliko ile ya Marekani au ya Umoja wa Ulaya.

Hoja hiyo inaeleweka kwa urahisi Afrika Mashariki. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Programu ya Ushahidi, ambayo jina lake ni neno la Kiswahili, ilitengenezwa Kenya mwaka 2008 ili wananchi watume taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Baadhi ya watu waliohusika na Ushahidi walianzisha BRCK, kifaa cha kuunganisha intaneti chenye betri yake, kilichokusudiwa mahali ambapo umeme hukatika. Kifaa kama hicho kinaonyesha ubunifu unaoanzia kwenye tatizo la nyumbani. Mhandisi wa mahali ambapo umeme haukatiki asingeona sababu ya kukibuni.

## Ziara

Baada ya kufungwa Weil am Rhein Septemba 2015, maonyesho yalipelekwa katika majumba yafuatayo:

- Guggenheim Museum Bilbao, Hispania (2015–2016)
- CCCB, Barcelona, Hispania (2016)
- Kunsthal, Rotterdam, Uholanzi (2016–2017)
- High Museum of Art, Atlanta, Marekani (2017–2018)
- Albuquerque Museum, Marekani (2018)
- Blanton Museum of Art, Austin, Marekani (2018–2019)

Vituo vyote hivi vilikuwa nje ya Afrika.

## Kituo cha Rotterdam na ubunifu wa Kiholanzi

Kunsthal ya Rotterdam ilifunguliwa mwaka 1992 katika jengo lililosanifiwa na Rem Koolhaas. Haina mkusanyiko wake wa kudumu, bali hupokea maonyesho yanayobadilika.

Kufika kwa maonyesho haya Uholanzi kulikuwa na maana ya ziada, kwa sababu nchi hiyo ndiyo iliyoupatia ubunifu wa kidhana wa samani jina kubwa katika miaka ya 1990. Mwaka 1993 Renny Ramakers na Gijs Bakker walionyesha mjini Milano, Italia, kazi za wabunifu vijana wa Kiholanzi chini ya jina Droog. Neno hilo la Kiholanzi lina maana ya "kavu", yaani kazi isiyo na madoido, inayosema jambo lake kwa ufupi na kwa utani wa chinichini.

Kazi maarufu za kundi hilo ni pamoja na:

- Kabati la droo la Tejo Remy (1991): droo za zamani zilizookotwa sehemu mbalimbali, kila moja ikatengenezewa boksi lake, kisha zote zikafungwa pamoja kwa mkanda mmoja.
- Kiti cha matambara cha Tejo Remy (1991): nguo kuukuu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kukazwa kwa mikanda ya chuma. Mnunuzi aliweza kuleta nguo zake mwenyewe zitumike.
- Taa ya chupa za maziwa ya Tejo Remy (1991): chupa 12 zilizoning'inizwa darini kwa safu.
- Taa ya balbu 85 ya Rody Graumans (1993): balbu za kawaida na nyaya zake zilizokusanywa kuwa shada, bila pambo jingine.
- Kiti cha mafundo cha Marcel Wanders (1996): kamba iliyosukwa kwa mafundo, ikalowekwa katika gundi ngumu na kuning'inizwa ikauke, hadi ikaweza kubeba mtu.

Kazi hizo ziliingia haraka katika makumbusho. Mwaka 1996 Museum of Modern Art ya New York ilifanya maonyesho ya ubunifu wa Uholanzi yaliyoitwa Thresholds. Maonyesho ya Simply Droog, yaliyosherehekea miaka 11 ya kundi hilo, yalifanyika Haus der Kunst mjini Munich mwaka 2004, na baadaye Museum of Arts and Design mjini New York kuanzia mwaka 2006.

Kufanana kwa kazi hizo na zile za Making Africa kunaonekana wazi. Remy aliokota droo, Kabiru aliokota vijiko. Wanders alisuka kamba, Diallo alizungusha nailoni. Tofauti iko katika sababu. Mholanzi wa mwaka 1991 alikuwa akipinga wingi: maduka yalijaa vitu vipya, naye akachagua vya zamani ili kuhoji tabia ya kununua na kutupa. Fundi wa Nairobi au Maputo mara nyingi alianza na uhaba: alitumia kilichokuwapo kwa kuwa kingine hakikupatikana. Kuna wabunifu wa Afrika waliounganisha sababu zote mbili, kwa kuwa miji yao leo ina uhaba na takataka kwa wakati mmoja.

## Ufundi wa Afrika Mashariki

Kutumia upya vitu vilivyotupwa ni desturi ya zamani katika nchi za Afrika Mashariki. Nchini Kenya sekta nzima ya mafundi wadogo huitwa jua kali, kwa sababu wengi walifanya kazi nje bila paa. Nchini Tanzania Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lilianzishwa mwaka 1973 ili kuwasaidia watu wa aina hiyo.

Vifuatavyo ni baadhi ya vitu vya kawaida ambavyo vina wazo la kibunifu ndani yake:

- Koroboi au kibatari: taa ya mafuta inayotengenezwa kwa kopo, yenye utambi na kishikio cha bati. Haina skrubu wala kioo, na ikiharibika hutengenezwa upya kwa mkasi na risasi ya kulehemu.
- Katambuga: viatu vya tairi la gari. Soli hutoka sehemu nene ya tairi na mikanda hutoka sehemu nyembamba au mpira wa ndani, hivyo chombo kimoja hutoa sehemu zote za kiatu.
- Mbuzi ya nazi: kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno. Uzito wa mtu aliyeketi ndio unaokishikilia chombo, na mikono yote miwili hubaki huru kukuna nazi. Kiti na kifaa cha jikoni vimekuwa kitu kimoja.
- Kitanda cha kamba: fremu ya mbao iliyosukwa kwa kamba, ambayo hukazwa tena inapolegea badala ya kutupwa.

Katika mji kama Tunduma, ambako malori hupita kuelekea Zambia na Kongo na reli ya TAZARA huvuka mpaka, malighafi ya namna hii haikosekani: matairi, mapipa, springi, mbao za vifungashio. Springi ya lori ni chuma kizuri cha panga na jembe. Katika nyanda hizohizo Wanyiha wa Mbozi waliyeyusha na kufua chuma tangu kabla ya ukoloni, kwa tanuri za udongo na mivukuto. Fundi wa leo anayepasha springi moto hufuata kazi ileile ya mikono, ingawa chuma chake kimetoka kiwandani nchi ya mbali.

Vitu hivyo vya kila siku huonekana katika makumbusho ya Tanzania hasa kama kumbukumbu za maisha ya jadi. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, kwa mfano, kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali pamoja na vyombo vyake. Jina la aliyebuni umbo la chombo kwa kawaida halijulikani, kwa kuwa kiliboreshwa na mikono mingi kwa vizazi.

Samani za pwani zimepata nafasi ya tofauti kidogo. Kiti cha enzi cha Waswahili, chenye fremu ya mpingo, pembe za ndovu au mifupa iliyopachikwa, na kibao cha kuwekea miguu, kilitengenezwa Lamu, Pate, Siyu na miji mingine kwa ajili ya watu wenye hadhi. Viti vya aina hiyo vilikuwamo katika maonyesho ya World on the Horizon kuhusu sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, yaliyofanyika Marekani kati ya mwaka 2017 na 2019. Baadhi ya vitu vyake viliazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

## Mjadala

Making Africa ilizua maswali kadhaa ambayo bado yana uzito.

La kwanza ni swali la bara zima katika maonyesho mamoja. Afrika ina nchi zaidi ya 50. Kuweka miwani ya Nairobi, kiti cha Maputo na mavazi ya Dakar katika ukumbi mmoja kunaweza kumfanya mtazamaji adhani vyote vina chanzo kimoja. Kwa upande mwingine, bila jina la bara huenda wengi wa wabunifu hao wasingeonekana kabisa katika majumba hayo.

La pili ni swali la takataka. Kazi zilizotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa huvutia wageni sana, na kuna hatari ya kudhaniwa kwamba Mwafrika hubuni kwa uchafu tu. Ndiyo maana ni muhimu kwamba maonyesho yaliweka pia majengo, filamu, mavazi na programu za kompyuta.

La tatu ni swali la thamani. Koroboi sokoni huuzwa kwa bei ya chini kabisa. Kitu kilichotengenezwa kwa bati lilelile kikiingia jumba la makumbusho hupewa jina la mbunifu, mwaka na ulinzi. Watetezi wa ubunifu wa kidhana husema tofauti ni wazo: msanii ameongeza swali ambalo fundi hakukusudia. Wapinzani husema fundi naye alikuwa na wazo, ila hakuna aliyemwuliza. Mikutano na mahojiano yaliyotangulia Making Africa yalikuwa jaribio la kuuliza.

La nne ni swali la mahali. Kijana wa Korogocho, Tunduma au Kinshasa hakuweza kuyaona maonyesho haya bila pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Aliyeonyeshwa na aliyetazama walikuwa watu tofauti. Kitabu cha maonyesho kilichapishwa, na picha nyingi zinapatikana kwenye intaneti, lakini kiti hufahamika vizuri zaidi kwa kukizunguka na kukitazama kwa karibu.

## Umuhimu

Maonyesho haya yaliwapa wabunifu wengi wa Afrika hadhira mpya, na yalisaidia neno "ubunifu" litumike kwa Afrika bila kuongezewa neno "wa jadi" au "wa misaada". Kwa wanafunzi wa sanaa, stadi za kazi na ufundi yanatoa somo linaloweza kufanyiwa kazi hata pasipo na jumba la makumbusho. Kitu chochote cha nyumbani kinaweza kuchunguzwa kwa maswali matano: kimetengenezwa kwa nini, malighafi yake ilikuwa nini kabla, nani aliamua umbo lake, kikiharibika kinafanywaje, na kinasema nini kuhusu watu wanaokitumia.

## Tazama pia

- Cyrus Kabiru
- Jua kali
- Francis Kéré
- Kiti cha enzi
- Makumbusho ya Taifa ya Tanzania
- Wanyiha